Mtoto anapocheza, tumtazame kabla ya kumkataza

Katika nyumba zetu, maneno ambayo mtoto mdogo huyasikia mara nyingi ni "acha mchezo". Tunayatamka tukiwa na haraka, tukiwa tumechoka, au tukiona mchanga umeingia sebuleni. Sikusudii kuwalaumu wazazi, kwani mtoto hana budi kukatazwa yale yanayomdhuru. Nakusudia kueleza niliyoyaona kwa binti yangu mwenye umri wa miaka minne, na sababu inayonifanya niamini kwamba mchezo wa mtoto unastahili kutazamwa kabla ya kukatazwa.

Mama yake ni muuguzi, na zamu zake mara nyingi huangukia Jumamosi. Siku hiyo mimi hubaki nyumbani, nikaketi kwenye kibaraza cha uani kuandika muhtasari wa vikao vya kamati ya msikiti, naye hucheza hatua chache kutoka nilipo. Mchezo aupendao zaidi ni duka. Vizibo vya soda ndizo fedha, mchanga ndio mchele, na kopo la maziwa ndilo kipimo. Siku moja nilichukua "mchele" uliokuwa katika bakuli pana, nikaumimina mbele ya macho yake katika chupa nyembamba. Akashikilia kwamba mchele umeongezeka, na kwa hiyo lazima nilipe zaidi. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto kwa miaka mingi, alilieleza jambo hili hasa: mtoto wa umri huo hupima kwa jicho, na kimo cha kitu humfunika wingi wake. Sikubishana naye. Kumimina na kurudisha mara nyingi kutamfundisha kuliko maneno yangu.

Huswalisha pia. Hujitanda khanga ya mama yake, akawapanga wanasesere wake safu moja, na sijida yake huwa ndefu sana iwapo sisimizi wanapita karibu. Baada ya salamu huwakumbusha maamuma mchango wa umeme wa msikiti, kwa sauti ambayo wajumbe wenzangu wangeitambua mara moja kuwa ni ya katibu wao.

Michezo hiyo ilinifurahisha. Ulionisukuma kuandika ni mwingine, nao ulikuja baada ya msiba.

Mapema mwaka huu alifariki babu yake, baba yangu mzazi, ambaye tulikuwa tukiishi naye nyumba moja hapa Tanga. Jeneza lilitoka nyumbani kabla ya alasiri, likapelekwa kuswaliwa msikitini, kisha makaburini. Binti yangu alikuwa amepakatwa na mama yake miongoni mwa wanawake, akaona mpaka pale jeneza lilipovuka mlango. Mmoja wa jamaa, kwa nia njema kabisa, akamwambia, "Babu amelala." Tangu usiku ule mtoto akaogopa usingizi. Alinishika kidole gizani, akaniuliza kama na mimi nitalala.

Baada ya juma moja hivi, duka lilifungwa. Alimlaza mwanasesere mmoja juu ya kifuniko cha ndoo, akamfunika kipande cha khanga, akambeba mpaka kwenye mlango wa uani. Alipofika hapo alisimama, akarudi, akaanza upya. Alifanya hivyo asubuhi nzima, bila kulia na bila kucheka.

Dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekuja kumliwaza mama, alishtuka. "Mdogo wangu, mkataze mtoto huyu," akaniambia. "Huo ni uchuro." Kabla sijajibu, mama, aliyekuwa katika eda na akimtazama mjukuu wake kupitia dirishani, alisema kwa utulivu, "Mwacheni. Na yeye anamsindikiza babu yake."

Maneno ya mama yalinifanya nitazame kwa makini zaidi. Mchezo ule uliishia pale pale ambapo macho ya mtoto yaliishia siku ya maziko. Alijua kwamba babu alitolewa mlangoni; yaliyofuata hakuyajua. Nikaketi karibu naye, nikamwuliza, "Sasa anakwenda wapi?"

"Sijui," akanijibu. "Baba, kule nani alimshika?"

Nikamweleza kwa maneno yanayolingana na umri wake. Nilimwambia kwamba babu hakulala, bali amefariki, na mwili wake hauoni njaa wala hauumwi tena. Kulala hulala watu wote usiku, wakaamka asubuhi. Kufariki ni jambo jingine. Nikamwambia kwamba mimi na ami yake tuliingia kaburini, tukampokea babu kwa mikono yetu, tukamlaza kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, na watu wengi wakamwombea dua.

Siku iliyofuata mchezo ulivuka mlango. Alichimba shimo dogo chini ya mpapai, akawaweka wanasesere wawili ndani ili wampokee wa tatu, kisha akainua mikono na kuitikia "Amin" peke yake. Usiku ule alinishika kidole kama kawaida, lakini alilala. Baada ya wiki tatu hivi duka likafunguliwa tena, na bei ya mchele ilikuwa imepanda.

Sisi Waislamu tuna kigezo katika jambo hili. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia habari za mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege yule alipokufa mtoto alihuzunika, na Mtume (s.a.w.) alimwita kwa jina hilo la heshima, akamwuliza habari za ndege wake. Mtu aliyebeba mambo ya umma mzima aliona kwamba huzuni ya mtoto ni jambo la kuulizwa. Bi. Aisha (r.a.) naye amesimulia kwamba alikuwa akicheza na wanasesere pamoja na wenzake, na Mtume aliwaachia wacheze.

Kwa msingi huo nawausia wazazi wenzangu mambo matatu. Kwanza, tuketi karibu na mtoto anapocheza, tusimwelekeze wala tusimcheke. Pili, mchezo ukitutia hofu, tuulize swali moja jepesi kabla ya kukataza, kwani mtoto wa umri huu hana maneno ya kusema kwamba amefiwa au anaogopa. Analo tope, kopo na kipande cha khanga. Tatu, akiuliza, tumjibu ukweli kwa kadiri ya akili yake. Kumwambia kwamba maiti amelala au amesafiri kunatupunguzia uzito sisi watu wazima, na mzigo wote humwangukia yeye usiku.

Mwenyezi Mungu amrehemu baba yangu na wazazi wetu wote waliotangulia, na atujaalie subira ya kuwatazama watoto hawa aliotukabidhi. Amin.