Mwanangu, Shaka Nayo Itazame



Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unauliza pumzi uifuate puani au tumboni, kila hisia uitaje jina kimoyomoyo au uitazame kimya, na goti likianza kuwaka uvumilie au ujigeuze. Umesoma vitabu vya taamuli ya vipassana, umesikiliza watawa, na kila mmoja amekuachia hofu kwamba unakosea na muda unakupotea. Kuuliza si ujinga, wala sikulaumu. Ila nguvu zangu zinapungua, na nisingependa jambo hili nilikawize nikidhani kesho ipo.

Kwanza ujue kwamba waliokutangulia walibishana juu ya hayohayo. Kule Rangoon, Burma, U Ba Khin, aliyekuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali tangu 1948, aliwafundisha watu kupitisha uangalifu mwili mzima, toka utosini hadi nyayoni, na wala hakuwataka waache kazi zao. Mwanafunzi wake S. N. Goenka, mfanyabiashara mzaliwa wa Mandalay, aliipeleka njia hiyo India mwaka 1969, na kutoka huko zikaenea zile kozi za siku 10 za kimya, ambazo mwanzoni mtu hutazama pumzi puani tu. Katika jiji lilelile la Rangoon alikuwapo mtawa Mahasi Sayadaw, ambaye tangu 1949 alifundisha kutazama tumbo: likipanda, sema moyoni “linapanda”, likishuka, “linashuka”. Njia yake ilipofika Sri Lanka miaka ya 1950, baadhi ya watawa wasomi waliikataa, wakidai kwamba tumbo halikutajwa katika maandiko. Upande wake ukajibu kwamba mwendo wa tumbo ni upepo ndani ya mwili, na mwili ndio wa kwanza katika mambo manne ambayo hotuba ya Buddha iitwayo Satipatthana inaagiza yatazamwe. Mengine ni hisia, hali ya moyo, na mambo yanayopita akilini. Wale walikuwa wazee waliokesha na maandiko maisha yao yote, na bado hawakuafikiana. Basi wewe usijione mpungufu kwa sababu hukuumaliza ubishi huo sebuleni kwako.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Katika mafundisho ya Buddha, shaka ni mojawapo ya vizuizi vitano, pamoja na tamaa, chuki, uzito wa usingizi na fadhaa ya moyo. Na hotuba hiyohiyo ya Satipatthana inasema kizuizi kikiwapo, mtu ajue kwamba kipo. Kwa hiyo, mwanangu, ukiwa umeketi na sauti ya ndani ikakuambia “unakosea”, usiinuke kwenda kutafuta kitabu kingine, kwa maana hapo ndipo kazi ilipo: itazame hiyo shaka inavyokuja, kifua kinavyobana, taya linavyokaza, akili inavyomkimbilia mwalimu asiyekuwepo, kisha uione inavyolegea na kwenda zake bila kujibiwa. Sisemi kila swali ni kizuizi. Swali la kweli likipata jibu hutulia. Lile jingine ukilijibu huzaa wenzake watatu.

Kuhusu goti, yupo mtawa aliyeitwa Sona, ambaye alitembea kwa taamuli mpaka nyayo zikatoka damu. Buddha alimkumbusha zeze alilokuwa akilipiga nyumbani kwao, kwamba nyuzi zikikazwa mno halilii vizuri, na zikilegezwa mno vilevile. Maumivu yakiwa ya kuwaka tu, yatazame kidogo; yakiendelea baada ya kuinuka, wakati mwingine keti kwenye kiti, wala si dhambi. Lakini usingizi ukikukimbia usiku baada ya usiku, au hofu ikakushika mchana kweupe, au watu na vitu vikaanza kuonekana kwako kama si vya kweli, acha kuketi kwa muda, kula vizuri, mwambie mwalimu na uende hospitali. Atakayekuambia ukaze tu, usimsikilize hata kama kavaa kanzu ya mtawa.

Utateleza, nalijua hilo. Kuna siku utaona mwanga au msisimko ukafikiri umefika, na kuna miezi utaketi ukiwa mkavu kama jiwe la kusagia ukafikiri umeachwa. Usipime njia kwa hayo. Jipime unavyomjibu mdogo wako akikuudhi, na unavyokaa na hasira kabla ya kufungua kinywa. Tabia haibadiliki kwa wiki moja, na mvumilivu hula mbivu.

Njia mbili zilimshinda fisi, nawe unazo nyingi. Chagua moja. Kama unataka kuuliza ana kwa ana, liko hekalu la Kibuddha la Upanga, Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka enzi za Waingereza. Nenda kwa adabu, eleza unavyofanya, si ulivyosoma. Utakachoelekezwa, kishike mwaka mzima bila kuchanganya na kingine, isipokuwa kikikudhuru. Na hivyo vitabu vingine, mwanangu, vifungie kabatini kwa sasa.