Saint Paul: Katikati ya Mji Kuna Milango Mingi, Je, Nani Amelala Ndani?

Akina mama wengi wa Iringa wamekwisha kulisikia jina la Saint Paul, maana Walutheri wa huko na Dayosisi yetu ya Iringa wana ushirika wa Bega kwa Bega tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wao huja kwetu, nasi huenda kwao. Mimi nilikwenda Septemba 2025 na kukaa wiki mbili kwa mama mmoja mjane wa usharika, ambaye baada ya watoto wake kuondoka aliuza nyumba yake yenye bustani akahamia fleti katikati ya mji.

Saint Paul ni mji mkuu wa jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, kando ya mto Mississippi. Zamani palijulikana kama Pig's Eye, yaani Jicho la Nguruwe, lakabu ya muuza pombe kali mmoja. Mwaka 1841 padre Lucien Galtier alijenga kanisa dogo la magogo, akaliweka chini ya jina la Mtume Paulo, na mji ukafuata jina la kanisa. Tumshukuru Mungu kwa ajili ya padre huyo, kwani sijui tungewezaje kutangaza kanisani kwamba tunashirikiana na Jicho la Nguruwe.

Wenyeji wanajivunia jinsi sehemu ya katikati ilivyofufuka, na wana haki. Mtaa wa Lowertown, karibu na stesheni ya zamani ya reli, ulikuwa wa maghala ya matofali yaliyobaki matupu biashara ilipohama. Mwaka 1978 ikaundwa taasisi ya kuufufua, nayo ikapewa dola milioni 10 na mfuko wa hisani wa McKnight. Ghala moja lililojengwa mwaka 1908 liligeuzwa mwaka 1990 kuwa makao 52 ya wasanii, wanaoishi na kufanya kazi humo humo. Posta kuu ya zamani, jengo refu kando ya mto, sasa ni fleti 202. Nilipanda lifti za majengo kadhaa na mwenyeji wangu. Kuta ni nene, madirisha ni makubwa, na ndani kuna joto zuri.

Kila nilipouliza mji umekua kiasi gani, nilijibiwa kwa idadi ya fleti. Hapo ndipo uuguzi ulipoanza kunisumbua. Wodi ikipokea vitanda vipya 20, taarifa ya bohari itasema vitanda vimeongezeka. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku haandiki vitanda vilivyonunuliwa, huandika wagonjwa waliolala juu yake. Hata makarani wa sensa walipobisha hodi kwetu mwaka 2022 hawakuuliza nyumba ina vyumba vingapi tu. Waliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti.

Nyumba nazo zina hesabu zaidi ya moja. Kwanza kuna kibali cha ujenzi, ambacho ni nia tu. Novemba 2021 wapiga kura wa Saint Paul waliamua kodi ya nyumba isipandishwe zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, na maombi ya vibali yakashuka sana mara moja. Halmashauri ikalegeza sheria mwaka 2022, kisha mwaka 2025 ikaziondoa kabisa katika kikomo hicho nyumba zilizojengwa baada ya mwaka 2004. Baada ya kibali kuna mlango uliokamilika na kupakwa rangi. Mwisho kuna mlango wenye mtu nyuma yake, na huo ndio mgumu kuhesabu.

Tena kuna kutoa, si kujumlisha tu. Sensa ya mwaka 1960 ilikuta watu 313,411 katika mji wote wa Saint Paul. Ya mwaka 1990 ilikuta 272,235. Ya mwaka 2020 ilikuta 311,527. Yaani baada ya miaka sitini na sifa zote za kufufuka, mji ulikuwa haujafikia pale ulipokuwa. Wengi walihamia vitongojini kwa hiari yao. Lakini mtaa wa Rondo, magharibi kidogo ya katikati ya mji, ulikuwa wa Wamarekani Weusi, wenye makanisa na maduka yao, nao ulikatwa katikati ili barabara kuu ipite. Mamia ya familia walipoteza nyumba. Meya aliomba radhi hadharani mwaka 2015. Nilisimama juu ya daraja nikitazama magari yakipita chini kwa kasi. Anayehesabu fleti mpya na asihesabu Rondo hajamaliza hesabu yake.

Jengo la Penfield lina fleti 254, na chini yake palikuwa na duka kubwa la vyakula lililofunguliwa mwaka 2014. Mwenyeji wangu alichagua kuishi katikati ya mji kwa sababu hiyo: wakati wa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri aende kununua maziwa bila gari. Duka lilifungwa Machi 2025. Fleti yake haikupungua hata tofali moja, lakini jiko lake sasa liko mbali na mkate. Aliniambia, “Sijahama, dada, ila ni kama mtaa wenyewe umehama.”

Mahali palipotuliza moyo wangu ni Dorothy Day Place, la shirika la misaada la Kanisa Katoliki, lililofunguliwa kwa awamu mbili, 2017 na 2019. Mbali na vitanda vya dharura vya usiku, kuna makazi ya kudumu 193 katika jengo moja na 177 katika jingine, kwa watu waliokuwa wakilala nje. Huko mlango na mtu huhesabiwa pamoja, kwa kuwa kila ufunguo una mwenyewe.

Jumapili ya mwisho baada ya ibada tulipitia soko la wakulima la Lowertown, ambako Wahmong, waliofika kama wakimbizi kutoka Laos, huuza mboga nzuri ajabu. Nilitaka kujua kama familia zenye watoto zinaishi pale au ni wazee na vijana wasio na ndoa peke yao, maana fleti nyingi nilizoonyeshwa zilikuwa za chumba kimoja. Nikaketi kwenye benchi la bustani ya Mears kwa saa nzima nikihesabu. Walipita mbwa kumi na wanne na vigari vya watoto vitatu. Kimoja, nilipochungulia, kilikuwa kimembeba mbwa.