Mguso Uliokwama Kwenye Foleni

Nahudumia kompyuta za wanunuzi wa dhahabu Katoro na Geita mjini, na mara nyingine naitwa Kahama. Watu hudhani kazi yangu ni virusi na printa. Kinachonisumbua kuliko vyote hawakioni: foleni ya matukio.

Duka moja lina programu ya mizani inayochora dirisha kwa Xlib, maktaba ya mfumo wa X11 uliotoka mwaka 1987. Mchimbaji mdogo anaweka dhahabu, namba inatulia, karani anagusa "Hifadhi". Kimya. Anagusa tena, zinatoka stakabadhi mbili kwa mzigo mmoja. Tangu soko la madini la Geita lifunguliwe mwaka 2019, mauzo yanaandikwa na mrabaha unakokotolewa kwa thamani inayotokana na uzito huo. Mchimbaji aliyetoka duarani akiona karani anafuta moja, anajua anaibiwa.

Tajiri mwenye duka akanunua skrini mpya. Hali ikawa ileile.

Nilipoisoma programu, nilikuta inalala kwenye select, wito wa kusubiri data, ikisikiliza soketi ya seva ya X na waya wa mizani. Kila namba ilipobadilika, iliiuliza seva ukubwa wa dirisha. Xlib ikisubiri jibu la swali hilo husoma kila kilichomo kwenye soketi, na mguso ikiukuta inauweka kwenye foleni yake ya ndani. Soketi inabaki tupu, select inalala, mguso unasubiri. Karani mwenye haraka hugusa kitufe namba ya mwisho inapotua. Baada ya hapo mizani haitumi kitu, kwa hiyo hakuna cha kuiamsha programu.

Walioijaribu programu ofisini walitumia kipanya. Kila kiliposogea, programu iliamka na kumaliza foleni, hitilafu ikajificha. Kwenye skrini ya kugusa kitufe hufanya kazi kidole kinapoinuka, na nyuma yake hakuna tukio jingine.

Dawa ni fupi: kabla ya kulala, ita XPending, kisha maliza matukio yote kwa XNextEvent. Foleni ikiwa tupu, XPending husukuma maombi yaliyobaki kwenye bafa na kusoma soketi bila kusubiri. XEventsQueued kwa hali ya QueuedAlready huhesabu yaliyokwisha kusomwa tu. Ukiitegemea peke yake, kilicho bado kwenye soketi hukioni.

Mnaoandika programu hizi, zijaribuni kwa kidole na mizani halisi. Nanyi matajiri, stakabadhi zikitoka mbili, msimfukuze karani kabla fundi hajaisoma programu.