Mteremko wa Manyatta

Pwani tunaijua Embu kwa muguka, yale majani ya kutafuna. Mei 2024 Mombasa ilipoupiga marufuku, vijiwe vyote vya Lamu vilizungumza habari za wakulima wa huko, na sidhani kama palikuwa na mmoja wetu aliyewahi kufika. Mimi nimefika kwa sababu binti yangu kaolewa Manyatta, juu ya mji wa Embu, na mtu haachi kumtazama mwanawe kwa kuogopa baridi.

Matatu ya Nairobi ilipita Thika na Makutano, na hadi Mwea sikuona la kunitisha: mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, wauza pishori kando ya barabara. Baada ya hapo ardhi ikaanza kupanda na haikuacha. Mji wenyewe wa Embu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Manyatta ni juu zaidi, kwenye majani chai. Kwetu, mtu akitaka kupanda mlima, anakwenda kwenye vilima vya mchanga vya Shela.

Nyumba ya binti yangu iko chini ya barabara. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kuteremkia ilikuwa udongo mwekundu unaong'aa. Nikashika mgomba mmoja baada ya mwingine. Nyuma yangu akaja mama mtu mzima na mzigo wa kuni mgongoni, umening'inia kwa mukwa, ule ukanda unaopita kipajini. Akanipita kwa adabu, akasema, "Pole, mzee," akashuka bila kushika mti. Alipogeuka niliona alama ya ukanda kwenye kipaji chake, bonde jembamba lililochimbwa na miaka ya kuni na maji.

Mama zetu hubeba kichwani, nami siku zote nilidhani hiyo ndiyo njia ya akili. Kumbe jambo hili lilishapimwa. Geoffrey Maloiy, Norman Heglund na wenzao waliwatembeza wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda, wakachapisha matokeo katika jarida la Nature mwaka 1986: mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama ya nguvu hata kidogo, wote. Ila walitembezwa kwenye mashine, tambarare. Ningependa wangeileta ile mashine Manyatta.

Kesho yake tulimpeleka Cucu, nyanya wa mkwe wangu, kwenye mazoezi ya viungo mjini. Aliwahi kuteleza na kuanguka. Mifupa imepona, hofu haijapona. Nilitazamia mashine zenye nyaya. Nikakuta kiti, mstari wa utepe sakafuni na kipande kinene cha sponji. Cucu akasimama kwa mguu mmoja, vidole viwili tu kwenye mgongo wa kiti. Akatembea juu ya mstari, kisigino mbele ya vidole. Halafu sponji.

"Mzee, nawe jaribu," akasema binti mtaalamu wa mazoezi. Nikapanda. Si neno. "Sasa fumba macho." Mwili ukaanza kwenda na kurudi kana kwamba nimesimama kwenye mashua iliyofungwa gatini na mawimbi yanaingia chini yake. Cucu alicheka hadi akaketi.

Mtaalamu akanieleza. Mwili husimama kwa habari zitokazo pande tatu: macho, mifereji midogo yenye maji ndani ya sikio, na nyayo, vifundo na misuli. Sponji huvuruga habari za nyayo, kufumba hukata za macho, basi sikio likabaki peke yake na kazi yote. Mazoezi huufundisha ubongo kuzipima habari hizo upya, upande upi uaminiwe zaidi na wakati gani. Watafiti wa Freiburg, Ujerumani, waliwafanyisha watu mazoezi haya kwa wiki kadhaa, wakaona ule mruko wa haraka wa msuli wa kigimbi, unaoamriwa na uti wa mgongo, umetulizwa, na gamba la juu la ubongo limepunguza kuingilia. Kazi imeshushwa ngazi za chini, zisizohitaji fikira. Mguu haushtuki ovyo. Kwa wazee, mazoezi ya namna hii hupunguza maanguko kwa karibu robo.

Ndipo nikamwelewa yule mama wa kuni. Mimi nilishuka nikifikiria kila hatua. Yeye alikuwa akifikiria chakula cha jioni.

Cucu akapewa mazoezi ya nyumbani: kusimama mguu mmoja akishika meza ya jikoni, kila siku, na mtu awe karibu. Akauliza kama anaweza kubeba kuni. Akaambiwa bado. Ndani ya gari akamwambia binti yangu kwamba "bado" maana yake ni mzigo mdogo, na tulipofika Manyatta walikuwa wangali wanabishania ukubwa wake.