Tarehe Wanazo Wao, Dansi Tulicheza Sisi

Jumamosi ya tarehe 23 Agosti 1969, mchana, kijana mzaliwa wa Unguja Mjini alipanda jukwaa la Octagon, ukumbi wa maigizo wa mji wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza, akaimba na bendi iliyoitwa Ibex. Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Marafiki walimwita Freddie. La Mercury lilikuwa bado halijaja. Na hiyo bendi alikuwa amefahamiana nayo siku chache tu kabla, huko London. Kesho yake wakapiga tena mjini humohumo, safari hii nje, katika bustani ya Queen's Park.

Aliyemsimulia mwandishi wa makala haya habari hizo wala si mtaalamu wa muziki. Ni jirani tu wa hapa Bolton, fundi bomba mstaafu, mwenye paka wawili na redio isiyozimwa. Aliitaja siku na ukumbi kama watu wa kwetu wanavyotaja mabao ya Simba na Yanga. Halafu akauliza, kwa adabu zote: na yule mpiga gitaa wenu ninayemsikia ukutani kila Jumapili, yeye alipanda jukwaani lini kwa mara ya kwanza?

Anayesikika ukutani ni Mbaraka Mwinshehe. Jibu halikupatikana siku ile, na halijapatikana hadi leo. Hasira ya kukosa jibu ndiyo iliyozaa makala haya, kwa hiyo msomaji asitarajie uadilifu mwingi.

Hawa wenzetu Waingereza wana ugonjwa wa tarehe. Nenda Liverpool, si mbali na Bolton, utauziwa tarehe kabla hujauziwa chai. Ijumaa ya tarehe 18 Oktoba 1957, ukumbi wa New Clubmoor, Paul McCartney mwenye miaka 15 alipiga kwa mara ya kwanza na Quarrymen, kikundi cha John Lennon. Walimwachia solo kwenye Guitar Boogie. Vidole vikagoma. Ameisimulia mwenyewe mara nyingi, bila aibu yoyote, kwamba usiku ule aliboronga na ndio uliomtoa kwenye solo: akarudi kwenye rithimu, na miaka michache baadaye akaangukia kwenye besi iliyompa jina. Mwandaaji wa dansi lile, Charlie McBain, aliandika hukumu yake kwenye kadi ya kikundi kwa maneno mawili tu, kwamba ni wazuri na ni wabaya. Na kadi ikatunzwa! Mpiga dramu wao, Colin Hanton, alikuwa amezichukua dramu zake kwa mkopo wa kulipa kidogokidogo. Besi yao ilikuwa sanduku la mbao la kusafirishia majani ya chai, fimbo na kamba. Iko hata picha iliyopigwa ukumbini humo Novemba ya mwaka uleule, John na Paul wamevaa makoti, wengine wamebaki na mashati.

Nyumba aliyokulia Paul, 20 Forthlin Road, ilikuwa nyumba ya kawaida ya kupanga ya halmashauri ya mji. Leo inamilikiwa na National Trust, shirika lilelile linalotunza majumba ya mabwanyenye, na watu hulipa kiingilio kwenda kuliona jiko la mama yake. Mama wa mwandishi, alipoelezwa habari hiyo kwa simu, aliuliza swali moja tu: wakishalipa, wanapewa chakula?

Sasa tuje Morogoro.

Morogoro Jazz iliundwa mwaka 1944, na Mbaraka naye akazaliwa mwaka huohuo. Alijiunga nayo katikati ya miaka ya sitini, mwaka 1970 akaenda nayo Japani kwenye Maonesho ya Dunia ya Osaka, mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari Mombasa. Mpinzani wao wa mji mmoja, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, alikuwa ametangulia mwaka 1965, naye kwa ajali ya gari. Vifo vyao tunavijua mpaka mahali. Usiku wao wa kwanza jukwaani, kila mzee ana wake.

Sababu moja ni ya kawaida mno hata haitajwi. Dansi la Liverpool lilitangazwa gazetini, na gazeti hubaki. Dansi la kwetu lilitangazwa na gari lenye spika juu, likizunguka mitaani tangu saa nane mchana, mtangazaji amekauka koo, watoto nyuma yake. Sauti ile ilifikisha watu ukumbini vizuri kuliko gazeti lolote, ila kesho yake hapakuwa na kitu cha kuweka kabatini.

Sababu nyingine ni nzito zaidi, na jirani hakuielewa hata alipoelezwa mara ya pili. Usiku wa kwanza ni upi? Watoto wa Liverpool walikuwa rika moja, wamejikusanya wenyewe, wamenunua vifaa vyao wenyewe; siku waliyopanda jukwaani ndiyo siku yao. Kijana wa Morogoro, Tabora au Dar es Salaam alikuwa anaingia kwenye bendi ya watu wazima, yenye wenyewe. Kwanza alishinda mazoezini akibeba vyombo. Siku moja marakasi zikakosa mtu, akapewa. Baadaye akaruhusiwa kushika rithimu mapema jioni, ukumbi bado viti vitupu na wahudumu wanapanga meza, wakati ambao hata mpiga solo mwenyewe hajafika. Au akaanzia kwenye bugi, dansi la mchana la wanafunzi, wakubwa wakijiwekea nguvu za usiku. Halafu akawa deiwaka: mtu kaumwa, mtu kagombana na kiongozi, mtu kahamia bendi nyingine tangu jana, wewe unaitwa. Mwisho kabisa ndiyo inakuja sare ya bendi. Katika ngazi hizo zote, ipi iandikiwe tarehe?

Mjomba wa mwandishi, kaka wa mama, alipiga tumba kwa udeiwaka katika bendi moja ya Morogoro mjini. Ukimuuliza siku yake ya kwanza hakutajii mwaka. Anakutajia nani alimpisha. Tumba lilikuwa la mtu, na mtu yule aliinuka, akajifuta jasho, akamwambia kaa. Ndiyo habari nzima. Ukimbana zaidi anasema ilikuwa kipindi cha Azimio la Arusha, au labda kabla kidogo, au mvua zilikuwa nyingi.

Suala la tumba la mtu si dogo. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara wa mwezi. Mashirika mengine yakafuata. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, yenye Juma Mrisho, Ngulimba wa Ngulimba mwenyewe. Shirika la Bima likawa na Bima Lee. Polisi na jeshi nao hawakubaki nyuma. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Kwa wanamuziki wengi wa kizazi kile, usiku wa kwanza na bendi kubwa ulikuwa pia siku ya kwanza kazini, pamoja na kuonywa juu ya kuchelewa. Kulikuwa na raha yake: mpiga tarumbeta anayelipwa mwisho wa mwezi mvua inyeshe isinyeshe. Mwingereza akisikia kwamba kiwanda cha khanga kiliwahi kuajiri wapiga gitaa, anadhani ni utani.

Kulikuwa na machungu pia. Ukihama bendi, unahama mikono mitupu, gitaa linabaki. Muhiddin Gurumo alikuwa NUTA tangu mwaka huo wa 1964, akawa miongoni mwa waliounda Mlimani Park mwaka 1978, akapita Safari Sound, akarudi Msondo, yaani ileile bendi ya NUTA kwa jina jipya, akastaafu mwaka 2013. Karibu nusu karne jukwaani, na alipostaafu alieleza kwamba hakuwahi kumiliki gari. Diamond Platnumz akamzawadia moja mwaka huohuo, na Gurumo akafariki Aprili 2014. Hapo pana hoja ndefu juu ya nani alikula jasho la nani. Itaandikiwa makala yake, ikiwa hasira itakuwa imepungua.

Tofauti inayochekesha zaidi ni ya watazamaji. Kwenye baa za Bolton kuna usiku wa jukwaa huru: unaandika jina kwenye karatasi, unapewa nyimbo mbili tatu, unapanda. Kijana mmoja majuzi alisahau maneno katikati ya ubeti, akasimama, akaomba radhi kwenye kipaza sauti, akaanza upya. Ukumbi mzima ukampigia makofi, tena kwa nguvu kuliko aliyemtangulia, ambaye hakukosea. Mama mmoja akafuta machozi. Upole ule unagusa moyo, na pia unaudhi, maana kijana aliondoka hajui kama anaweza kuimba.

Kwetu hakuna makofi ya kuoneana huruma. Watu wamelipa kiingilio wacheze. Ukipiga vizuri wanainuka. Ukipiga vibaya wanakaa, wanaagiza soda na bia, wanaanza kuongea habari za misiba. Mwanamuziki mgeni pale ukumbini DDC Kariakoo, Sikinde, yaani Mlimani Park, ikiwa kwenye enzi zake, alipata majibu kabla wimbo haujaisha, kwa kuitazama sakafu tu. Na akiwapendeza, mtu anatoka mezani na noti, anamtunza usoni mbele ya wote. Jirani aliuliza kama kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso si kumdhalilisha. Akaambiwa ajaribu kudhalilishwa hivyo kila wikiendi aone.

Remmy Ongala aliyaonja ya pande zote mbili. Alitoka Kongo akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake, kisha akahamia Matimila, ambayo vyombo vyake vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Miaka kumi baadaye alikuwa kwenye majukwaa ya matamasha ya WOMAD, na mwaka 1989 ikatoka albamu yake ya Songs for the Poor Man, iliyorekodiwa studio za Real World huko Uingereza. Habari za yule Remmy wa Ulaya zimeandikwa na kuhifadhiwa. Yule aliyeshuka Dar kuanza kazi kwa mjomba, na alichoimba usiku wa kwanza, yamebaki kwa waliokuwepo, nao wanapungua.

Kinachokera zaidi ni kwamba tukitaka tunaweza. Mwaka 2019 ilifunguliwa Shangani, Unguja, makumbusho ya Freddie Mercury, safi, ina kiingilio na foleni ya watalii. Ni sawa, ni mtoto wa pale. Lakini bendi yake ya kwanza, The Hectics, ilikuwa ya wanafunzi wenzake wa shule ya bweni huko Panchgani, India, na iliyompa dunia ilikuwa ya Uingereza. Sasa hesabu mwenyewe ni kumbi ngapi za dansi la kwetu zilizowekewa japo kibao cha bati.

Hii haimaanishi kwamba hakuna anayehangaika. John Kitime, mpiga gitaa mwenyewe, amekuwa akiandika kumbukumbu za wanamuziki wenzake kwa miaka mingi, kazi ambayo mahali pengine ingefanywa na idara nzima yenye magari. Na vijana wa leo wana mkasa wao: msanii anakuwa maarufu kwanza, akiimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa, ndipo siku moja anaambiwa apande na bendi kamili. Tamasha la Sauti za Busara, Zanzibar, lililoanza mwaka 2004, limeng'ang'ania muziki wa laivu, na pale Ngome Kongwe kuna waliogundua mbele ya umati kwamba mpiga dramu wa kweli haanzi upya ukikosea kuingia. Angalau wao watakuwa na video.

Swali la jirani, hata hivyo, lilipelekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ili wazee waseme walau mwaka wa mjomba, tukishindwa wa Mbaraka. Sauti zikaanza kumiminika. Mmoja anasema Azimio lilikuwa limeshatangazwa. Mwingine anasema haiwezekani, kwa sababu siku ile binamu fulani alikuwepo, na binamu huyo alikuwa bado hajaenda Tanga. Wa tatu akaleta mgogoro wa shamba. Mjomba mwenyewe akatuma picha ya mbuzi.

Ndipo shangazi, mke wa mjomba, akarekodi ujumbe wake, mfupi kuliko yote: tarehe haijui na haimhusu, ila suruali aliyopandia jukwaani ilikuwa ya kaka yake yeye, na mpaka leo haijarudishwa.