Nilipanda Picha, Sikupanda Mikoko

Wasee, leo acha niungame. Ile video yangu iliyotazamwa kuliko zote, ile ya kupanda mikoko, imewadanganya. Si ati niliigiza. Miche ilikuwa ya kweli, tope lilikuwa la kweli, na jua lilinichoma kweli kweli. Lakini miche yote ilikufa. Nimejua hivyo zaidi ya mwaka mzima, na nimenyamaza.

Wengi wenu mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipotushinda nyumbani. Tangu hapo simu ndiyo kazi yangu. Kwa hivyo 2023, kampuni moja iliponipigia nikachukue video ya siku yao ya kupanda miti huku Tudor Creek, shilingi 15,000 kwa nusu siku, sikuwa na maswali. Nilivaa tisheti waliyonipa nikaenda. Tulipanda miche 1,000 kwa saa mbili, hotuba zikiwa ndefu kuliko kazi yenyewe. Mwisho nikatazama kamera nikasema, "Leo tumeikinga Mombasa na dhoruba." Mamangu aliituma hiyo video kwa ukoo mzima. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niache chuo aone nimefanya kitu cha maana.

Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya. Kilitua Tanzania, upande wa Mafia, lakini hata huku upepo na mawimbi yalitutisha, na wavuvi walionywa wasiingie baharini. Mambo yalipotulia nikaona nimepata video ya pili: nirudi niwaonyeshe mikoko yetu ilivyotukinga. Yaani miche ya mwaka mmoja, inayonifika magotini! Ndivyo nilivyokuwa sijui kitu.

Nilipofika, maji yalikuwa yamepwa. Nilikuta vijiti vikavu, vingine vimeganda vile vikombe vigumu vinavyoshika kwenye mashua. Hakukuwa na jani hata moja. Kando yangu palikuwa na mama mmoja akiokota kaa. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe si yule wa kamera?"

Nikakubali.

"Nyinyi mlikuja kupanda picha. Na picha zimeota, ama?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanionyesha kwa kidole. Pale tulipopanda, maji hukaa muda mrefu mno na mawimbi hupiga moja kwa moja. Sisi tulipanda mkoko wenyewe, ule wa mizizi kama miguu ya buibui, ambao hupenda kukaa nyuma kidogo. Mbele kabisa, karibu na maji, ni kwa mlilana. Mchu na mkandaa hukaa zaidi kuelekea nchi kavu. Kumbe Kenya tuna aina tisa za mikoko, na mimi nilidhani ni mti mmoja tu. "Tena hapa," akasema, "tangu niolewe sijaona mti. Ungependa hapa, ungeota wenyewe."

Alinipeleka kwenye kitalu cha kikundi chao cha akina mama. Nimekuwa nikienda tangu siku hiyo, mara nyingi bila kamera. Nimejifunza kwamba mbegu ya mkoko huanza kuota ikiwa bado mtini, inaning'inia kama ganda refu la kijani. Kwamba unaichagua iliyokomaa, unaiweka kwenye mfuko wa tope, unaitunza miezi kadhaa mahali ambapo maji ya bahari huifikia. Kwamba kabla ya kupanda unauliza kwanza: hapa palikuwa na mikoko? Ilikufa kwa nini? Kama ilikatwa, wakataji wameacha? Kama ni takataka zimeziba mkondo wa maji, zizoe. Mkondo ukifunguka, wakati mwingine bahari huleta mbegu yenyewe na huna haja ya kupanda hata mche mmoja. Video ya kuzoa plastiki haimfurahishi mtu, najua. Lakini hiyo ndiyo kazi.

Na faida ipo, msinielewe vibaya. Watafiti wamepima wakaona mita 100 za mikoko zinaweza kupunguza urefu wa mawimbi ya upepo kwa asilimia 13 hadi 66, ikitegemea msitu wenyewe. Ile mizizi huvunja nguvu ya maji na kushika tope, ufuo usiliwe. Bahari inapozidi kupanda kwa sababu ya joto la dunia, huo ni ukuta unaoweza kukua pamoja nayo. Ukuta wa saruji haukui.

Mfano tunao hapa hapa Kwale. Gazi, miaka ya 70, mikoko ilikatwa sana kwa kuni za viwanda. Tangu 1991 watafiti wa KMFRI na wanakijiji wakaanza kuirudisha. Mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, wenye hekta 117. Wanauza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na msitu, na pesa zimeleta maji kijijini na vitabu shuleni. Sasa hesabu: kutoka 1991 hadi 2013 ni miaka 22. Mimi nilidai nimeikinga Mombasa kwa saa mbili.

Tena si sisi peke yetu. Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, walipanda mikoko kwa wingi, na sehemu nyingi miche ikafa kwa kosa kama letu. Hata msitu mkubwa una mipaka yake: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi Mwache, ukafukia mizizi na mikoko mingi ikafa. Mti unalindwa na watu ndio nao uwalinde.

Mbona nasema leo? Mwezi huu nimepigiwa simu tena. Kampuni nyingine, 25,000. Nikawauliza maswali manne: Mnapanda aina gani? Pale palikuwa na mikoko zamani? Nani ataitunza baada ya sisi kuondoka? Tutarudi lini kuihesabu iliyo hai? Yule wa simu akasema atanirudia. Hajarudi, na kodi ya nyumba inaningoja mwisho wa mwezi. Nitawadanganya nikisema hainiumi.

Ile video sijaifuta. Nimebadilisha kichwa chake, sasa kinasema miche yote ilikufa. Mamangu nimemweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hao akina mama wanahitaji nini?"

Wanahitaji mikono. Kwa hivyo ukialikwa kupanda miti popote, iwe mikoko au mingine, beba yale maswali manne kabla ya tisheti. Na kama uko Mombasa, Jumamosi maji yakipwa nitakuwa kule tukizoa plastiki. Usije na kandambili, tope litazila.