MAMA NA SIMU, SEHEMU YA 6: MLINZI WA GETINI

Akina baba mnaosoma kimyakimya, nawaona. Nimetoka zamu, maharage yako jikoni, watoto wanagombania rimoti. Tuanze.

Sehemu ya 5 niliandika kuhusu homa ya mtoto na tabia yetu ya kutafuta dawa Google. Komenti iliyonikaa kichwani haikuwa ya homa. Mama mmoja kaandika hivi: "Nesi, kila nikifungua simu nasoma, matangazo ya maziwa ya kopo yananifuata mpaka naona labda ya kwangu hayatoshi." Nimeisoma mara mbili. Haya matangazo nina kisa nayo, sijawahi kukisimulia hapa. Mwenyewe kaniruhusu, ila nisimtaje jina.

Ni mdogo wangu. Alipopata mimba mimi ndiye nilimwambia apakue app ya kuhesabu wiki. Kwa mdomo wangu mwenyewe: "Itakusaidia kukumbuka kliniki." Akajaza kila kilichoulizwa. Siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, uzito, kama ni mimba ya kwanza, mpaka jina alilotaka kumpa mtoto. Wiki ya 31 mtoto akaacha kucheza. Yaliyofuata sitayaandika, waliopitia wanayajua.

Wiki tatu baadaye alikuwa kwangu hapa Nangara, tumekaa uani tunapeta mbaazi. Simu yake ikalia. Hongera, umefika wiki ya 34. Akaifuta. Akafungua habari za mpira tu, kupoteza mawazo, katikati ya habari pampasi. Akashuka chini, kitanda cha mtoto. Hakulia. Alininyooshea simu akasema, "Dada, hiki kitu kiambie basi."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekileta mimi.

Usidhani ni yeye peke yake. Mwaka 2018 mwandishi mmoja wa Marekani, Gillian Brockell, alijifungua mtoto aliyefariki tumboni, kisha akawaandikia kampuni za teknolojia barua ya wazi. Hoja yake ilikuwa rahisi: kama mlikuwa na akili ya kujua nina mimba, mmeshindwaje kujua kwamba mwanangu hayupo? Mimi naijua sehemu ya jibu. Mwenye mimba ananunua vitu vingi. Aliyefiwa hanunui kitu.

Na hizo app zenyewe, mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na Flo, app maarufu ya kuhesabu siku za hedhi na mimba. Tume ilidai Flo waliwaahidi wanawake usiri, huku taarifa za afya zao zikipelekwa kwa kampuni nyingine zikiwemo Facebook na Google. App ya mdogo wangu ilikuwa nyingine, lakini tangu nisome hilo sijamshauri mjamzito yeyote app kabla hajaniambia anataka kujaza nini. Kadi ya kliniki inatosha kabisa. Haimtumii mtu ujumbe.

Sasa nikueleze inavyokuwa. Ukifungua ukurasa mmoja wa habari unadhani simu yako inaongea na gazeti tu. Hapana. Ukurasa ule unaiambia simu ikaite na wengine: mwenye kuleta tangazo, mwenye kuhesabu nani kasoma, mwenye kukumbuka jana ulisoma nini. Kila mmoja anakula bando lako, na kila mmoja anaondoka na kipande cha habari zako.

Unamjua mlinzi wa geti la wodi ya wazazi. Saa ya kuona wagonjwa ikifika hapitishi kila mtu. Bibi aliyebeba uji anapita. Muuza karanga anabaki nje hata kama anamjua mgonjwa kwa jina. Ndicho nilichokuwa nakitafuta kwa ajili ya simu, na nilikuwa sijui kinaitwaje.

Mtoto wa kaka yangu anasoma mambo ya kompyuta, alikuja likizo. Akaniambia, "Shangazi, unachotaka ni proksi ya kuchuja." Akachukua laptopu yangu iliyokufa betri, akaweka programu ya bure inaitwa Privoxy, akaibadilisha mipangilio isikilize na simu, maana ikitoka ilivyo inaisikiliza laptopu yenyewe tu. Kisha kwenye simu, upande wa Wi-Fi, akaandika anwani ya laptopu na namba ya mlango, 8118. Kuanzia hapo simu ikiwa Wi-Fi ya nyumbani inapitia kwanza kwenye laptopu, na laptopu inawarudisha wauza karanga.

Ilifanya kazi vizuri kwa siku mbili. Siku ya tatu mwanangu akachomoa waya wa laptopu achaji redio, nyumba nzima intaneti hakuna. Halafu nikipanda bodaboda kwenda kazini simu inarudi kwenye bando la laini, na huko mlinzi hayupo, matangazo yote yale pale. Na app nyingi zilikuwa zinampita mlinzi bila hata kumsalimia. Tukakubaliana kwamba hiyo ni ya wenye nafasi na mtu wa kuiangalia. Mama mwenye Tecno au Itel na mtoto mgongoni anahitaji kitu cha dakika mbili.

Kipo. Tangu Android 9, iliyotoka 2018, simu ina sehemu inaitwa Private DNS. DNS ni kama yule wa mapokezi: kabla simu haijafungua tovuti yoyote inamuuliza kwanza, fulani yuko wapi? Kuna watu wa mapokezi ambao, wakiulizwa mahali alipo mleta matangazo, wanajibu hayupo. Basi tangazo halifiki.

Simu nyingi zetu ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo nakuandikia utakachokiona. Ingia Settings, nenda Network & internet, tafuta Private DNS. Kwenye Samsung iko ndani ya Connections, halafu More connection settings. Usipoiona, juu kabisa ya Settings kuna pa kutafutia, andika DNS. Ukiifungua chagua ya tatu, ile ya kuandika jina mwenyewe, uandike:

dns.adguard-dns.com

Kama simu inashikwa na watoto andika hili badala yake:

family.adguard-dns.com

Hili la pili linazuia matangazo, pia tovuti za picha za ngono. Bonyeza Save, umemaliza. Ni bure. Wenye iPhone hamna sehemu hiyo ya kuandika, nyie mnaweka app au profaili ya AdGuard wenyewe, mtoto wa kaka yangu kaahidi kunisaidia kujibu maswali yenu.

Andika taratibu! Mimi nilikosea, niliandika nukta mahali pa kistari. Intaneti ikakata kabisa. Nikadhani bando limeisha, nikanunua lingine, bado hakuna. Nimekaa nailaumu laini mpaka usiku kumbe kosa ni langu. Intaneti ikikata baada ya kuweka, rudi hapohapo chagua Automatic, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Na ukilala gesti yenye Wi-Fi inayokutaka kwanza uandike namba ya chumba, huenda ikakataa, weka Automatic kwa muda.

Kuna aliyeniuliza inboksi kama hii ni VPN na kama itamletea shida. Siyo VPN. TCRA walitoa tangazo Oktoba 2023 kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa, hilo ni jambo jingine. Hapa umebadilisha mtu wa mapokezi tu.

Lakini nisikudanganye. Matangazo ya ndani ya Facebook, Instagram, TikTok na YouTube hayatoki kwa njia hii, kwa sababu anayeleta video ndiye huyohuyo anayeleta tangazo, ukimfukuza mmoja umewafukuza wote. Facebook ingia kwenye mipangilio ya matangazo, kuna mada unazoweza kuomba uzione kidogo, na malezi ya watoto ni mojawapo. Mdogo wangu aliiweka. Yalipungua, hayakuisha.

Tena huyu wa mapokezi mpya anajua majina ya tovuti unazoomba. Hajui ulichosoma ndani, ila jina la mlango analijua. Umehamisha imani yako kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, ndiyo maana nakuomba usichukue anwani ya proksi au faili la "intaneti ya bure" kutoka kwenye magrupu. Mwenye proksi hiyo ndiye mlinzi wako wa getini, na humjui.

Na wewe mama wa maziwa ya kopo, hukuota. Mwaka 1981 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha mwongozo unaokataza kutangaza maziwa ya kopo kwa wananchi, na Tanzania tuna kanuni zetu. Bango la hivyo ukutani kliniki hulikuti. Kwenye simu yako saa nane usiku, mtoto analia na umechoka, linapita. Maziwa yako njoo tuyaangalie kliniki. Mtoto akikojoa vizuri na uzito unapanda, yanatosha, hata tangazo liseme nini.

Kuhusu taarifa zako, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Taarifa za afya ni nyeti kwa sheria hiyo. Una haki ya kuuliza wamechukua nini. Nitaiandikia sehemu yake peke yake, ni ndefu.

Mdogo wangu nilimwekea hiyo DNS jioni ileile niliyojifunza. Nikataka na ile app niiondoe mwenyewe, akaninyang'anya simu. Kuondoa app peke yake hakufuti kilichobaki kwao, lazima ufute na akaunti, kwa hiyo alitafuta pa kufutia. Ikamuuliza sababu ya kuondoka, ikampa majibu ya kuchagua: mtoto amezaliwa, natumia app nyingine, sitaki ujumbe mwingi. Alikaa nayo muda. Hakuchagua lolote, akabonyeza futa, akaniomba ungo tumalizie mbaazi.

Sehemu ya 7 ni Jumatano, kwikwi za mtoto mchanga. Maswali ya DNS yaandike hapa chini, taja na aina ya simu.